Mapenzi ya pikipiki yanapogeuka sadaka

MSOMAJI, bila shaka mtaani mwako yupo kijana, au hata mzee wa makamo, ambaye Jumapili asubuhi wenzake wakielekea kanisani au wakinyoosha miguu kusoma gazeti, yeye huwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake. Anaifuta vumbi, anaikaza cheni, anaichungulia oili. Mkewe hulalamika kwamba chombo hicho kinapendwa kuliko watu wa nyumbani. Mama yake naye hapati usingizi akisikia mwanawe ameshika njia ya Nakuru au Mombasa kwa magurudumu mawili.

Je, mapenzi ya namna hii yana faida yoyote kwa jamii? Au ni kuchoma petroli bure na kutafuta njia ya mkato ya kufikia wodi ya mifupa? Makala haya yanakusudia kukuonyesha kwamba wapo watu waliochukua mapenzi hayo hayo, wakayafungia mzigo wa huruma nyuma, na mzigo huo ukafika mbali kuliko walivyotarajia. Wapo pia waliosafiri kwa jina la hisani na hisani yenyewe ikabaki njiani. Ni vyema ujue tofauti kabla hujatoa shilingi yako, au kabla hujawasha pikipiki yako mwenyewe.

Kilomita kwa shilingi

Mpango wenyewe si mgeni kwetu. Sisi Wakenya tumezoea harambee, na tumezoea pia matembezi ya hisani. Wengi wenu mmewahi kuvaa fulana na kushiriki mbio za moyo za Hospitali ya Mater jijini Nairobi, ambazo fedha zake husaidia watoto wanaohitaji kupasuliwa moyo. Wapenzi wa magari nao, tangu mwaka 1989, wamekuwa na mashindano ya Rhino Charge. Humo huvuka mabonde na majabali huku wakichanga fedha, na kwa fedha hizo msitu wa Aberdare ulizungushiwa ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009.

Safari ndefu ya pikipiki hufuata mtindo huo huo. Mwendeshaji hutangaza kwamba atasafiri kutoka mahali fulani hadi mahali fulani kwa ajili ya jambo fulani: watoto yatima, hospitali ya kijijini, utafiti wa saratani. Jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake huahidi kutoa kiasi fulani kwa kila kilomita atakayoimaliza. Akifika, huonyesha ushahidi na kukusanya ahadi zake.

Ughaibuni kuna hata chama cha watu wanaojipima kwa masafa, kinachoitwa Iron Butt Association. Jina lenyewe, ukilitafsiri bila haya, ni Chama cha Makalio ya Chuma! Mtihani wake wa kwanza ni kusafiri maili 1,000, yaani zaidi ya kilomita 1,600, kwa muda usiozidi saa 24. Hiyo ni sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa, kurudi Nairobi, kisha kwenda Mombasa tena na kubakisha safari ya ziada. Mwendeshaji hulazimika kuweka risiti za petroli zenye saa na tarehe ili asije akadai alifika mahali asikofika. Baadhi ya wanaofanya mtihani huo huutumia kuchangisha fedha za hisani.

Bingwa asiye na taji

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni cha Waingereza wawili na Mmarekani mmoja.

Mmarekani huyo ni Randy Mamola, mmoja wa waendeshaji mahiri wa mbio za pikipiki za dunia katika miaka ya 1980. Mamola alimaliza wa pili katika ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mara nne, mwaka 1980, 1981, 1984 na 1987, wala hakuwahi kulitwaa taji lenyewe. Waingereza ni Barry Coleman, aliyekuwa mwandishi wa habari, na mkewe Andrea, ambaye naye alipata kushindana kwa pikipiki. Mume wa kwanza wa Andrea, Tom Herron, alikuwa mwanamashindano pia, naye alifariki mwaka 1979 baada ya kuanguka katika mbio za North West 200 huko Ireland Kaskazini. Utaona basi kwamba mama huyo alikuwa na kila sababu ya kuichukia pikipiki. Badala yake alichagua kuitafutia kazi njema.

Watu hawa walianza kwa kuwachangisha mashabiki wa mbio kwa ajili ya shirika la watoto la Save the Children. Mashabiki walitoa kwa moyo mkunjufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mamola na Coleman walialikwa Somalia wakajionee kazi iliyofanywa kwa fedha kama hizo.

Huko waliona jambo ambalo wageni wengi wangelipita bila kuligeukia. Kando ya zahanati na ofisi za afya zilikuwa zimelala pikipiki na magari mabovu, yamejaa vumbi. Nyingi hazikuwa zee. Zilikuwa zimekufa zikiwa changa.

Zilizokufa kwa kukosa oili

Hebu tafakari. Serikali au wafadhili wamenunua pikipiki mpya ili muuguzi afikishe chanjo vijijini. Imepigwa picha, imekatiwa utepe, hotuba zimetolewa. Miezi michache baadaye cheni imelegea na hakuna wa kuikaza. Oili imegeuka tope na hakuna bajeti ya kuibadilisha. Kichujio cha hewa kimeziba vumbi. Siku moja injini inakwama njiani, na muuguzi anarudi kutembea kwa miguu.

Hasara haiishii kwenye chuma hicho. Chanjo nyingi hutakiwa kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na barafu ndani ya kisanduku haimngoji anayetembea. Kijiji kilicho kilomita 20 kutoka zahanati kinageuka kuwa nchi ya mbali. Mtoto ambaye angedungwa sindano ya surua Jumatatu hadungwi. Mama mwenye kifua kikuu, ambaye makohozi yake yanahitaji kupelekwa maabara, hajui ugonjwa wake mpaka amewaambukiza wanawe.

Daktari angeitazama pikipiki ile akaona chuma kibovu tu. Mtaalamu wa fedha angeandika kwamba inahitajika mpya. Lakini mtu anayeipenda pikipiki, aliyezoea kuchuchumaa kando yake Jumapili asubuhi, alitambua mara moja kwamba maradhi ya chombo hicho yalikuwa ya shilingi chache, na kwamba yalizuilika. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa ni oili na plagi, na ukuta ulikuwa ni maisha ya watu.

Ndipo likazaliwa shirika la Riders for Health, maana yake Waendeshaji kwa Ajili ya Afya, lililokuja kusimama lenyewe rasmi mwaka 1996. Nia yake haikuwa kugawa pikipiki. Ilikuwa kuzifanya zilizopo zisife.

Milima ya Lesotho

Mojawapo ya nchi za mwanzo kuonja matunda ya mpango huu ni Lesotho. Taifa hilo dogo lililozungukwa kote na Afrika Kusini ni la milima mitupu. Hakuna mahali hata pamoja ndani yake palipo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Wakati wa baridi theluji huanguka, na vijiji vingi hufikiwa kwa farasi au kwa miguu. Mapema katika miaka ya 1990 wahudumu wa afya huko walipewa pikipiki, wakafundishwa kuziendesha katika njia za mawe, na juu ya yote wakafundishwa kuzikagua kila asubuhi kabla ya kuziwasha.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Vipuri hubadilishwa kwa ratiba, kabla havijaharibika, wala si baada ya kukatika njiani. Fundi humfuata mhudumu kituoni kwake ili mhudumu asipoteze siku nzima kuisukuma pikipiki hadi mjini. Gharama yote ya kilomita moja, yaani petroli, oili, tairi, vipuri na akiba ya kununulia pikipiki nyingine hii itakapozeeka, hupigiwa hesabu mapema, na wizara au shirika husika huilipia kwa kila kilomita.

Baadaye waendeshaji maalumu waliajiriwa kubeba sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati za milimani hadi maabara, na kurudisha majibu. Katika nchi iliyolemewa na ukimwi na kifua kikuu, majibu yanayokuja haraka ndiyo mwanzo wa tiba. Kazi ya shirika hilo ilienea hadi Zimbabwe, Gambia, Nigeria, Zambia, Malawi na hata hapa kwetu Kenya.

Fedha zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa wapenzi wa pikipiki wenyewe. Kwa miaka mingi, katika juma la mbio za dunia za Uingereza, kulifanywa siku maalumu iitwayo Day of Champions. Mashabiki walilipa kiingilio ili wakutane na mabingwa, kisha kukawa na mnada. Glavu zilizochubuka, helmeti zilizokwaruzwa na hata mavazi ya ngozi ya washindani viliuzwa kwa bei za kushangaza. Katika miaka mizuri siku hiyo moja ilileta zaidi ya pauni 200,000. Uchangishaji huo wa katika viwanja vya mbio umeendelezwa kwa jina la Two Wheels for Life, maana yake Magurudumu Mawili kwa Ajili ya Uhai.

Waigizaji na wanamfalme

Huenda wewe mwanafunzi umewahi kutazama filamu za safari za Ewan McGregor, mwigizaji wa Scotland, na rafiki yake Charley Boorman. Kati ya Aprili na Julai mwaka 2004 wawili hao waliendesha pikipiki kutoka London hadi New York kwa kuzunguka upande wa mashariki, wakipitia Ukraine, Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Njiani walisimama kwenye miradi ya shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF. Mjini Ulaanbaatar walionyeshwa watoto wa mitaani waliokuwa wakilala chini ya ardhi, kando ya mabomba ya maji ya moto, wasije wakafa kwa baridi.

Mwaka 2007 walirudia, safari hii kutoka ncha ya kaskazini ya Scotland hadi Cape Town, nchi 18 kwa jumla, Kenya ikiwemo. Wakazi wa Marsabit wanajua walichokutana nacho, kwani wakati huo barabara ya Moyale hadi Isiolo haikuwa na lami na ilikuwa ikivunja hata malori. Walizitangaza UNICEF, Riders for Health na hospitali za watoto mahututi za Scotland.

Oktoba 2008 wanamfalme wa Uingereza, William na Harry, nao walijiunga na msafara wa waendeshaji wengi uliokata takriban kilomita 1,600 katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini. Msafara huo ulichangia UNICEF, mfuko wa watoto wa Nelson Mandela, na Sentebale, shirika linalowasaidia watoto wa Lesotho walioathiriwa na ukimwi.

Si likizo ya wenye nazo?

Hapa msomaji makini atauliza swali, na ana haki. Je, huku si kujistarehesha kwa jina la maskini? Mtu ananunua pikipiki ya mamilioni, anazuru nchi kumi na nane, anapigwa picha akimbeba mtoto wa watu, kisha anaitwa mfadhili. Si afadhali angetuma nauli hiyo yote kwa yatima, yeye akabaki nyumbani?

Swali hili lisipuuzwe. Jibu lake ni kwamba mara nyingine ndivyo ilivyo hasa. Ndiyo maana unapoombwa kuchangia safari ya aina hii, uliza mambo matatu bila kuona haya.

Kwanza, nani analipia petroli, malazi na chakula? Mwendeshaji mwaminifu hujilipia mwenyewe starehe yake, na kila senti ya mchangaji hufika kwa mwenye shida. Ukisikia kwamba gharama za safari zitatolewa kwanza, jua unamnunulia mwenzako likizo.

Pili, fedha zinakwenda kwa nani, na je, mhusika mwenyewe anazitambua? Hospitali au shule itajwe kwa jina. Fedha ziingie moja kwa moja katika akaunti yake au namba yake ya M-Pesa, si kwenye mfuko wa mwendeshaji. Na baadaye risiti ionyeshwe kwa wote waliochanga.

Tatu, safari ikiisha, kitu gani kitabaki? Kumbuka zile pikipiki zilizokufa kwa kukosa oili. Zilitolewa kwa moyo safi, na waliozitoa walirudi kwao wameridhika. Zawadi isiyo na bajeti ya matunzo ni mzigo kwa anayepewa. Ni heri kuilipia zahanati moja petroli na fundi kwa mwaka mzima kuliko kuikabidhi chombo kipya kitakachooza mwaka unaofuata.

Hesabu ya Nairobi hadi Mombasa

Tuseme sasa wewe mwenyewe, au kijana wako aliye chuoni, anatamani kujaribu. Hana pikipiki kubwa ya kifahari. Ana ya kawaida ya cc 150, aina ambayo imejaa nchini tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Je, anaweza?

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Akiwapata wachangaji 50, kila mmoja akaahidi shilingi 2 kwa kilomita, mchangaji mmoja atatoa shilingi 960. Jumla ni shilingi 48,000. Pikipiki ndogo kama hiyo, ikiendeshwa kwa upole, huweza kwenda kilomita 40 kwa lita. Kwenda na kurudi, basi, ni lita 24. Tuseme lita ni shilingi 180: petroli ni shilingi 4,320, nazo azitoe mfukoni mwake. Ukiziongeza gharama za oili, chakula na malazi ya usiku mmoja, bado mchango unazidi matumizi kwa mbali. Na kama hesabu yako haizidi hivyo, kaa nyumbani utume nauli.

Wala asione aibu kwenda polepole. Mtito Andei ni takriban nusu ya safari, na si dhambi kulala huko au Voi. Makindu nako kuna hekalu la Wasingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo humkaribisha msafiri wa dini yoyote kwa chakula. Mahali hapo penyewe ni somo la sadaka inayodumu.

Maiti haichangishi

Mzazi, najua linalokutia hofu, nayo hofu yako ni ya haki. Barabara kuu ya Mombasa ina malori mengi, na lori linapolipita jingine halimwoni mwenye pikipiki. Kwa hiyo, masharti haya hayana mjadala.

Helmeti iwe imara na ifungwe kidevuni. Utafiti umeonyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Ile inayoning'inizwa kwenye usukani haimkingi yeyote. Jaketi la kumetameta livaliwe mchana pia. Leseni na bima viwe halali. Asiendeshe usiku. Apumzike kila baada ya saa mbili, anywe maji, ajinyooshe, kwani uchovu humjia mtu bila kupiga hodi. Asibebe abiria. Na iwapo watakuwa wengi, wasiende kama wanaoshindana: anayekwenda polepole kuliko wote ndiye apange mwendo.

Aidha, mwendeshaji awaambie wachangaji wake tangu mwanzo kwamba mvua ikizidi au mwili ukikataa, atasimama, na kwamba ahadi zitahesabiwa hapo alipofika. Wapo waliolazimisha kumaliza kwa kuogopa kuwavunja moyo waliowachangia. Hakuna yatima atakayefurahia shilingi zilizomwacha yatima mwingine nyumbani.

Anza na ulicho nacho

Labda wewe huna pikipiki, wala hutaki kuisikia. Funzo la Mamola na akina Coleman linakuhusu vilevile. Watu hao waliona kile ambacho mapenzi yao yaliwafunza kukiona, na wengine wote wakakipita. Anayependa kupika atatambua kwa nini chakula cha makao ya watoto kinaharibika. Anayependa vitabu atajua kwa nini maktaba ya shule ina kufuli mlangoni. Fundi wa redio atajua kwa nini mtambo wa zahanati umekuwa kimya tangu mwaka juzi.

Naye yule jirani yako anayekaza cheni Jumapili asubuhi? Usimcheke. Muulize kama katika zahanati ya kwao mashambani hakuna pikipiki iliyoegeshwa ukutani, imekaliwa na kuku. Kama ipo, huenda inahitaji plagi, oili na mchana mmoja wa fundi aipendaye kazi yake. Safari ya hisani iliyo ndefu kuliko zote yaweza kuanzia hapo, naye asiwe amevuka hata mpaka wa wilaya.